Bustani ya nyuma ya nyumba: Jinsi ya kupata matunda na mboga katika ploti ndogo

KILA asubuhi, katika mitaa mingi ya miji yetu, mama wa nyumbani hutuma mtoto kibandani kununua fungu la sukuma wiki, nyanya tatu na kitunguu. Jioni mtoto hutumwa tena. Fedha hizo huonekana kuwa chache kwa siku moja, lakini zikijumlishwa mwisho wa mwezi huwa mzigo usio haba. Isitoshe, mnunuzi hana njia ya kujua mboga hizo zilinyunyiziwa dawa lini, wala kama zilimwagiliwa maji safi ya mto au maji taka yaliyopasuliwa kutoka kwenye bomba.

Hali ikiwa hiyo, nyuma ya nyumba hiyo hiyo mara nyingi pana kipande cha ardhi kilichoota magugu, kilichorundikwa mawe yaliyobaki wakati wa ujenzi, au kilichofunikwa saruji bila sababu yoyote. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi kipande hicho kinavyoweza kulisha jamaa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa jamaa ya watu watano, kiwango hicho ni kilo 2 kila siku, au kilo 14 kwa wiki. Bustani ndogo haiwezi kutoa zote, lakini inaweza kutoa sehemu kubwa ya mboga za majani na kumpa kila mtoto tunda ambalo wazazi wake wasingelinunua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Mnamo 2020, wakati wa janga la Covid-19, serikali ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Hata hivyo, hakuna mpango wa serikali unaoweza kuushinda mkono wa mwenye nyumba aliyeamua kushika jembe.

PIMA KABLA YA KULIMA

Chukulia ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Nyumba, lango na njia ya gari vikiondolewa, huenda nyuma pakabaki mita 15 kwa 8. Eneo hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Jambo la kwanza ni kuchunguza jua. Mboga nyingi huhitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Simama mahali hapo asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone kivuli cha nyumba na cha ukuta wa jirani kinaangukia wapi. Palipo na jua jingi patengewe mboga. Miti ipangwe pembeni, mahali ambapo kivuli chake hakitaangukia matuta.

Jambo la pili ni kujua kilicho chini ya ardhi. Tafuta mahali bomba la maji linapopita na shimo la maji taka lilipo. Usipande mboga za majani karibu na shimo la choo, na usipande mti wenye mizizi yenye nguvu kando ya msingi wa nyumba. Mparachichi, kwa mfano, uwe angalau mita 5 kutoka ukutani. Kumbuka pia kwamba matawi yanayovuka ua huzua ugomvi na jirani. Ni heri kuyapogoa mapema kuliko kuitwa kwa chifu.

UDONGO NA MBOLEA

Udongo wa nyuma ya nyumba mpya kwa kawaida ni mbovu, kwa kuwa mafundi huutupa juu udongo wa chini waliouchimba kwenye msingi na kuufukia ule wenye rutuba. Ondoa mawe, vipande vya saruji, misumari na makaratasi ya plastiki. Kisha chimbua ardhi kwa kina cha sentimita 30 na uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta wadudu.

Asiyefuga ng'ombe wala kuku anaweza kutengeneza mboji. Katika pembe yenye kivuli, panga tabaka la vijiti vikavu, kisha maganda ya ndizi, viazi na mboga, halafu majani makavu, na mwishowe udongo kidogo. Rudia hivyo hadi lundo lifike kimo cha mita moja. Linyunyizie maji liwe na unyevu bila kutota, na uligeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi litakuwa limegeuka udongo mweusi usionuka. Nyama, mafuta ya kupikia na kinyesi cha mbwa visitiwe humo kamwe.

MITI YA MATUNDA

Kosa kubwa la wakulima wa nyumbani huanzia kwenye mche. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua mche wa parachichi kutoka kwa mchuuzi wa kando ya barabara, akahakikishiwa kwamba ungezaa katika mwaka wa tatu. Mti ulikua, ukapita paa la nyumba, ukaangusha majani kwenye mfereji wa maji ya mvua kila msimu, na ulipozaa katika mwaka wa nane, matunda yalikuwa membamba na yenye nyuzi. Mche ule ulikuwa umeoteshwa kutokana na kokwa tu. Hasara haikuwa bei ya mche, bali ile miaka minane.

Nunua, basi, mche uliobebeshwa, yaani ule ambao kikonyo cha mti wa aina bora kimeunganishwa na shina la mche mwingine wenye mizizi imara. Utautambua kwa kovu la kiungo lililo juu kidogo ya udongo. Parachichi la namna hiyo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Nunua katika kitalu kilichosajiliwa, au uulize katika vituo vya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO), kama vile Kandara katika Kaunti ya Murang'a na Mtwapa katika Pwani.

Chagua mti unaolingana na mahali ulipo. Parachichi za Hass na Fuerte hustawi katika nyanda za juu. Maembe, yawe Ngowe, Apple au Kent, hupenda joto la Pwani, Makueni na sehemu nyingine za chini. Machungwa na ndimu hupata taabu katika sehemu za juu zenye baridi, ambako kuna mdudu anayeeneza ugonjwa unaoyageuza majani kuwa ya manjano na kuudhoofisha mti hadi ufe. Matundadamu hupenda baridi na huzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Karakara za zambarau hufaa sehemu za juu, na za manjano sehemu za joto. Zote mbili zinaweza kutambazwa juu ya ua na hivyo zisichukue nafasi.

Kwa mwenye haraka, mpapai ndio rafiki. Huweza kuzaa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Lakini mipapai mingine ni dume na haizai, mingine ni jike, na mingine ina maua yenye sehemu zote mbili. Kwa hiyo, panda miche mitatu katika kila shimo, subiri ichanue, kisha ng'oa isiyohitajika. Mipapai ya aina ya Solo hupendwa kwa bustani ndogo kwa kuwa mingi yake hujichavusha yenyewe.

Ndizi nazo hufaa mahali penye maji mengi, kama vile karibu na bafu la nje. Acha mashina matatu tu katika kila shina kuu: mama anayezaa, binti anayekua na mjukuu anayechipuka. Mengine yakatwe, la sivyo utapata msitu wa majani na mikungu isiyojaza sinia.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa upana, urefu na kina. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi, uurudishe shimoni, kisha uondoe karatasi ya mche bila kuuvunja udongo ulioshika mizizi. Panda mwanzoni mwa mvua ndefu, mwezi Machi au Aprili, au mvua fupi za Oktoba. Kile kiungo kibaki juu ya udongo, na chipukizi lolote linaloota chini yake likatwe, kwani hilo si la mti ulioununua.

MBOGA ZA KILA SIKU

Tengeneza matuta yenye upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kuukanyaga udongo. Tuta moja lenye urefu wa mita 9 hutosha miche 40 ya sukuma wiki katika mistari miwili, mche hadi mche sentimita 45. Ukichuma majani mawili tu kwa kila mche kila wiki, utapata majani 80. Anza kuchuma wiki sita hadi nane baada ya kuhamisha miche kutoka kitaluni, ukianzia majani ya chini na kuacha ya juu yaendelee kuulisha mmea.

Tuta la pili litengewe mboga za kienyeji: mnavu, sagaa, kunde, mrenda na mchicha. Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa kama chakula cha maskini. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta wamefanya kazi kubwa kuonyesha thamani yake kwa lishe. Hukomaa upesi, mchicha huweza kuchumwa katika wiki ya nne tangu kupandwa.

Tuta la tatu liwe la nyanya, vitunguu, karoti na dania. Usipande nyanya mahali palipokuwa na viazi, biringani, pilipili au mnavu msimu uliotangulia. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na huachiana magonjwa udongoni, hasa mnyauko. Badala yake fuatisha kunde au maharagwe, ambayo huongeza rutuba.

Anayepanga nyumba na hana ardhi asikate tamaa. Gunia lililojazwa udongo na samadi, likiwa na safu ya kokoto katikati ya kupitisha maji, hubeba miche juu na pembeni. Bustani za namna hiyo zilienea Kibera baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati chakula kilipokuwa adimu. Hata hivyo, mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba.

MAJI

Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, kwenye shina wala si kwenye majani. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usipotee, lakini usizirundike zikaugusa mti, kwani shina litaoza. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Maji yaliyooshea mboga na mchele yanafaa kote. Yale ya kufulia yenye sabuni kidogo yapelekewe ndizi, yasimwagiwe mboga za majani. Maji taka yasitumiwe kabisa.

WADUDU NA MAGONJWA

Tembelea bustani kila siku na uangalie upande wa chini wa majani. Vidukari wachache huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo, na viwavi huokotwa kwa mkono. Nzi wa matunda aliyegunduliwa nchini mwaka 2003 ameharibu maembe mengi, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimekuwa mstari wa mbele kumkabili. Nyumbani, hatua muhimu ni kuokota kila tunda lililoanguka na kulifukia kwa kina cha nusu mita, au kulifungia kwenye mfuko mweusi juani hadi mabuu yafe.

Ikilazimu kutumia dawa, nunua iliyosajiliwa, soma maandishi yake na utii siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Mwenye kulima ili aepuke sumu ya sokoni atakuwa amejidanganya akiinyunyiza mwenyewe leo na kuipika kesho.

ANZA KIDOGO

Usianze na kila kitu. Msimu huu tengeneza tuta moja, panda mti mmoja uliobebeshwa na uanze lundo la mboji. Msimu ujao ongeza. Wape watoto sehemu yao, hata kama ni mistari miwili ya dania, kwa maana mtoto aliyeupanda mmea huula bila kushurutishwa.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Atakayepanda mparachichi mvua hizi zinapoanza ataona matunda yake ya kwanza baada ya miaka mitatu au minne, na sukuma wiki yake atakuwa ameila zamani.