Chanuo, Mafuta na Mkono wa Msusi: Historia ya Nywele za Kipilipili Afrika Mashariki

Unywele wa kipilipili hukua ukijizungusha kama springi. Ukitazamwa kwa hadubini, mkato wake huonekana bapa kuliko wa unywele wa singa, na kila unapopinda ndipo unapokatika kwa urahisi. Mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki hadi nchani, hivyo ncha hukauka na kushikana. Tena kichwa cha mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Za singa huanguka chini. Za kipilipili hunaswa na zile zilizobaki kichwani na kuzifunga mafundo. Zisipotolewa, baada ya wiki chache kichwa kimekuwa matimutimu. Ususi, ambao leo huhesabiwa zaidi kuwa pambo, ni kinga dhidi ya mafundo hayo, na ukitazamwa hivyo historia yake hueleweka vizuri zaidi.

Pwani, kazi ilianzia jikoni. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa na kuchemshwa kwa moto wa taratibu mpaka maji yakakauka na mafuta yakaelea juu. Aliyetaka harufu nzuri alitia karafuu au maua ya asumini. Chaguo hilo la nazi lina sababu ya kimaumbile: mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walionyesha kuwa mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha na kuchana, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakulifanya. Bara, kwenye ng'ombe wengi na minazi haba, walipaka samli, siagi au mafuta ya nyonyo.

Baada ya mafuta lilifuata chanuo la mti, lenye meno marefu yaliyoachana. Meno yaliyobanana, kama ya kitana, hukata nywele za namna hii badala ya kuzichambua. Msusi alikaa kwenye kigoda, anayesukwa mkekani kati ya magoti yake. Alichana kuanzia nchani, akipanda kidogo kidogo kuelekea kichwani, huku mkono wa pili umelishika shina la fungu ili maumivu yasifike kwenye ngozi. Kisha alipasua njia, akasuka tatu tatu, akiongeza nywele kidogo kila alipovusha kidole. Twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ilimalizika upesi. Mabutu yalifaa watoto. Misuko ya harusi ilichukua saa nyingi. Yote yalifanya kazi moja: kuzigawa nywele katika mafungu yasiyogusana, ili zile zilizodondoka zibaki ndani ya msuko hadi siku ya kufumua.

Si wanawake peke yao walioijua kazi hii. Miongoni mwa Wamasai, morani walifuga nywele ndefu na kusokotana wenyewe kwa wenyewe vijisongo vyembamba, wakavipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Mchanganyiko huo uliushika msokoto usifumuke. Katika sherehe ya eunoto, morani anapoiaga hali ya ujana wa vita, mama yake humnyoa nywele zote. Ujuzi huo umehamia mjini: Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wako vijana wa Kimasai wanaosuka wanawake kwa malipo, kazi ambayo kijijini wangeifanyiana bila senti.

Karne ya 20 ilileta njia nyingine, ya kuondoa mkunjo wenyewe. Kitana cha chuma, kilichotumika Ulaya na Marekani tangu karne ya 19, kilipashwa moto juu ya jiko la mkaa na kupitishwa kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Nywele zilinyooka, lakini kwa muda, kwa sababu unyevu huzirudisha zilivyokuwa. Katika joto la pwani, jasho la mchana mmoja lilitosha. Dawa ya nywele iliyofuata haikuwa na kurudi. Kemikali yake, mara nyingi sodiamu haidroksaidi, huvunja viungo vya ndani vya unywele moja kwa moja, na ikikaa kupita kiasi huunguza kichwa. Kalikiti ya miaka ya 1980 ililegeza mkunjo badala ya kuunyoosha, ikadai kulainishwa kila siku, na mito ya kulalia ikalipia gharama hiyo.

Siasa nayo iliingia kichwani. Mwaka 1968, nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi. Kwa upande wa nywele, kilichokatazwa kilikuwa cha juu tu, maana wigi hukaa vizuri zaidi juu ya mistari ileile ya zamani.

Rasta za nywele bandia ziliurudisha ususi mbele na kuufanya biashara kubwa. Katika Kenyatta Market, Nairobi, wasusi kadhaa hukizunguka kichwa kimoja ili kazi ya siku nzima iishe kwa saa chache. Rasta hukaa wiki sita au nane, na hatari yake iko kwenye kufumua: nywele zilizodondoka na vumbi hujikusanya shinani kama pete. Pete hiyo huchambuliwa kwa vidole na mafuta kabla ya maji. Zikioshwa kwanza, fundo hukaza na mkasi ndio hulifungua.

Tangu miaka ya 2010 wanawake wengi wa mijini wameacha dawa na kurudia nywele za asili. Utaratibu wao ni wa zamani ulioongezwa chupa ya kunyunyizia maji na kilainishi cha dukani: kugawa mafungu, kulowesha, kuchana kutoka nchani, kusokota kabla ya kulala. Usiku hufunga kitambaa cha satini, kwa kuwa pamba hunyonya mafuta na kukwaruza ncha. Kanga, iliyo ya pamba, imebaki ya mchana.