Asilimia 0.1: Kufuata Nyayo za Amplifaya za Kiingereza

Amplifaya iliyo mezani kwangu ni Leak Stereo 20, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Valvu zimesimama wazi juu ya bamba la chuma, vioo vyembamba kama vidole, na kando yake transfoma nzito zinazoumiza mgongo wa anayeibeba. Ukiiwasha hukaa kimya kwanza mpaka nyuzi zilizo ndani ya vioo ziive na kuwa nyekundu. Ndipo santuri inasikika.

Wapenzi wa vyombo hivi husema sauti yake ina joto, ni laini, haichoshi sikio. Nami niliinunua kwa sababu hiyo. Nilipoanza kusoma habari za walioitengeneza, niligundua kwamba wao walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Mwaka 1945 Harold Leak, aliyekuwa na kampuni yake London tangu 1934, alitoa amplifaya akaiita Point One, yaani nukta moja. Jina lilikuwa ahadi: sauti itakayotoka haitakuwa imepotoshwa zaidi ya asilimia 0.1 ya ile iliyoingia. Wakati huo, kuvumilia upotoshaji wa asilimia moja au mbili lilikuwa jambo la kawaida. Nikataka kujua ahadi hiyo ilitoka wapi.

Nilianzia Hammersmith, magharibi mwa London, eneo la Brook Green. Leo pale pana supamaketi, lakini juu yake wameliacha kuba la kiwanda cha zamani cha taa za Osram. Kampuni ya M-O Valve ilikuwa na makao yake huku Hammersmith, na ndiyo iliyoleta valvu ya KT66 mwaka 1937. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikilitazama kuba hilo kwa muda mrefu, watu wakitoka na mifuko yao ya mboga.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kijana wa Kiskoti aitwaye D.T.N. Williamson alikuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo. Alichukua KT66 mbili akazifungia wazo lililozaliwa Marekani, kwa mhandisi Harold Black, aliyelichora juu ya gazeti akiwa ndani ya kivuko akienda kazini New York, Agosti 1927. Wazo lenyewe ni hili: chukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, igeuze, irudishe mwanzoni. Kosa lolote ambalo amplifaya imeliongeza njiani linakutana na kinyume chake na kupunguzwa. Mashine inajisikiliza na kujikosoa yenyewe, kama mwimbaji aliyeziba sikio moja ili asikie kama sauti yake imetoka nje ya tuni. Ugumu uko kwenye transfoma ya kupeleka sauti kwenye spika. Ikiwa duni, sauti hiyo inayorudishwa huchelewa, na badala ya kusahihisha, mashine huanza kupiga kelele yenyewe. Williamson aliisanifu transfoma yake kwa uvumilivu mkubwa.

Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha safari hii. Aprili na Mei 1947, jarida la Wireless World lilichapisha mchoro wake mzima: namba ya kila kipande, hata jinsi ya kuzungusha waya wa transfoma. Wati 15, upotoshaji chini ya asilimia 0.1, na siri yote hadharani. Mafundi wa nchi nyingi waliijenga jikoni na vibandani mwao. Nimekulia mtaa ambao fundi redio aliufunika mchoro wake kwa kiganja ukikaribia meza yake. Simlaumu, ndio uliomlisha. Ila ndiyo maana kurasa zile za 1947 zinanigusa.

Toka Hammersmith hadi Acton, kilipokuwa kiwanda cha Leak, si mbali. Nilipita haraka, ni magodauni tu sasa. Nikaenda South Bank, kwenye ukumbi wa Royal Festival Hall. Novemba 1954 Gilbert Briggs, mtengenezaji wa spika za Wharfedale kutoka Yorkshire, aliukodi ukumbi huo wenye viti karibu 3,000 na kuujaza. Pembeni yake alikuwa Peter Walker na amplifaya zake za Quad. Wanamuziki walipiga mbele ya watu, kisha ikapigwa rekodi, ili wasikilizaji walinganishe kwa masikio yao. Fikiria ujasiri huo: amplifaya ya Quad II ilitoa wati 15, robo ya taa ya zamani ya sebuleni.

Walker ndiye aliyenipandisha treni King's Cross kwenda Huntingdon. Karakana yake ya London iliharibiwa kwa mabomu ya Wajerumani, akahamia mji huo mdogo mwaka 1941. Quad II ilitoka 1953, ikaendelea kutengenezwa hadi mwisho wa miaka ya 1960, karibu bila kubadilishwa, na ndani yake zimo KT66 mbili zilezile za Hammersmith. Walker na Williamson walijuana. Mwaka 1952 waliandika pamoja makala kuhusu amplifaya katika Wireless World. Walker alishikilia kwamba amplifaya iliyo kamili ni kama waya ulionyooka, unaoongeza nguvu tu, usioongeza neno lake. Mtu aliyeamini hivyo hangefurahi kusikia tunamsifia joto.

Na sasa nadhani tunakosea tunapolitaja hilo joto. Sehemu yake hutoka kwenye vipande vilivyozeeka. Kinachotuvuta, au kinachonivuta mimi, ni kumsikia mtu aliyejitahidi asisikike.

Niliporudi nyumbani nilichomoa plagi ya Stereo 20 na kungoja. Nilihakikisha kapasita kubwa zimeisha umeme, maana zaidi ya volti 300 zinaweza kubaki humo na kuua. Kisha nikaipindua na kufungua bamba la chini. Vipande vyote vimepangwa juu ya kibao kimoja kwa safu, kila kimoja kimeacha nafasi ya koleo, kila ungio limelehemiwa kwa mkono na bado linang'aa. Kapasita nne zilikuwa zimechoka, zinapitisha umeme mahali pasipotakiwa. Nikazitoa, nikalehemu mpya, nikarudisha skrubu. Kisha nikaiwasha, nikakaa kungoja nyuzi ziive.