Paa la Scordelis na Lo: Historia ya Jaribio la Magamba

Katikati ya karne ya 20, mapaa ya zege yaliyopindwa na kufanywa membamba, ambayo wahandisi huyaita magamba, yalipendwa sana kwa kuwa yaliweza kufunika ukumbi mpana bila nguzo za katikati. Ugumu ulikuwa katika hesabu, kwani gamba hubeba mzigo kwa namna mbili kwa pamoja: kwa kuvutwa na kugandamizwa ndani ya uso wake, na kwa kupindika. Mwaka 1964 Alex Scordelis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na K. S. Lo, walichapisha njia ya kuyakokotoa magamba ya silinda kwa kompyuta, na paa linaloitwa kwa majina yao likawa kipimo cha kazi za wengine.

Paa hilo lina nusu kipenyo cha futi 25, urefu wa futi 50 na unene wa inchi 3 tu, yaani takriban sentimita 7.6. Ncha zake za upinde zimeshikwa na kuta, kingo zake ndefu ziko huru, na mzigo wa pauni 90 kwa kila futi ya mraba unalielemea kutoka juu; kinachoulizwa ni katikati ya ukingo ulio huru inabonyea kiasi gani.

Swali hilo, jepesi kwa kulisikia, liliziumbua elementi nyingi. Elementi finaiti, jina lililotolewa na Ray Clough, naye wa Berkeley, mwaka 1960, ni vipande vidogo ambavyo umbo zima hugawanywa ili mwenendo wa kila kimoja ukadiriwe kwa fomula nyepesi. Gamba likiwa jembamba sana, kipande chenye fomula nyepesi mno hushindwa kupindika bila kujinyoosha au kukatika kimshazari kwa namna isiyokuwepo katika gamba lenyewe, hivyo hukakamaa, na kompyuta hutoa mbonyeo mdogo kuliko ulio wa kweli. Kosa la hatari, kwa sababu jengo huonekana imara kuliko lilivyo. Mwaka 1971 watafiti Zienkiewicz, Taylor na Too walionyesha kwamba kupunguza nukta ambamo ugumu wa elementi hupimwa huondoa ukakamavu huo, ingawa dawa hiyo ikizidishwa elementi huweza kujikunja bila ukinzani wowote.

Mwaka 1985 watafiti MacNeal na Harder walipendekeza mkusanyiko wa majaribio ya kawaida, paa hili likiwemo pamoja na nusutufe linalopima uwezo wa kupindika bila kunyooka. Jibu la kinadharia la paa lilikuwa futi 0.3086, lakini kwa kuwa elementi nyingi ziliishia chini kidogo ya hapo, wao walitumia 0.3024, karibu sentimita 9.2, uamuzi wa busara, ijapokuwa unaonyesha kwamba hata kipimo chenyewe kilihitaji kupimwa.

Tena zege la jaribio hili halitanuki kwa upande linapogandamizwa, sifa ambayo zege halisi halina, wala halipasuki, wala halilegei kadiri miaka inavyopita. Elementi iliyofaulu hapa imethibitika kuitatua milinganyo ya nadharia. Ili kujua kama nadharia hiyo inalifaa paa fulani lililojengwa, mhandisi hulazimika kulipakia gamba la zege kweli, au mfano wake mdogo, na kupima mbonyeo wake maabarani.