Vumbi la Safari Rally

Anayepita na gari Mlandege saa za soko hana mbio. Ana macho na honi tu. Safari Rally ilitaka vyote, mbio na macho. Ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu: malori, ng'ombe, watoto.

Mvua ikinyesha, tope kwenye kioo, isiponyesha, vumbi. Aliye nyuma haoni kitu, na akitaka kumpita wa mbele, anabahatisha. Ndiyo maana mwaka 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walipopata namba 1, Volvo yao kuukuu ilipata kitu ambacho fedha hainunui: njia nyeupe mbele. Wakashinda.

Baadaye timu tajiri zilileta helikopta, zitangulie angani na kumwambia dereva kuna nini mbele. Lakini habari hiyo ilikuwa ya dereva. Mchunga ng'ombe kule chini hakuwa na redio. Mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, njia za mbio zilifungwa kwanza.

Basi usalama si dereva kuona tu. Ni na yule wa kando ya barabara kujua kinachomjia.