Ugonjwa wa Spirit

Msomaji, huenda siku moja kompyuta uitumiayo ikakataa ghafula kuandika neno lolote jipya, ingawa ya zamani yangali yasomeka vema. Usifanye haraka kuilaumu. Kompyuta nyingi, zionapo kasoro katika daftari la faili zake, hulifunga lisiandikwe tena, ili kasoro isienee. Basi la kwanza si kulifungua kwa nguvu, bali ni kuuliza: kasoro imetoka wapi? Kisa hiki chatufundisha namna ya kuuliza.

Tarehe 4 Januari, 2004, Wamarekani waliteremsha gari lisilo na dereva, jina lake Spirit, katika bonde la Gusev, kwenye sayari ya Mirihi. Lilipelekwa kuchunguza mawe na kutafuta dalili za maji ya kale. Tarehe 21 mwezi huo gari likanyamaza. Habari chache zilizopatikana baadaye zilionyesha kwamba kompyuta yake ilikuwa imejizima na kujiwasha upya zaidi ya mara 60. Hata usiku haikulala, na betri zikazidi kudhoofika. Hapakuwa na fundi wa kulikaribia. Amri ya redio peke yake ilisafiri kama dakika 10 kabla ya kulifikia.

Wahandisi walioko Pasadena, California, hawakubahatisha. Walijiuliza: kompyuta hii hufanya nini kila iamkapo? Kumbe husoma kwanza orodha ya faili zote zilizomo katika ghala lake la kumbukumbu ya kudumu. Wakalishuku ghala hilo, nao wakaiamuru kompyuta iamke bila ya kuligusa. Ikatii, na kule kujizima kukakoma. Hapo shaka ikawa ushahidi.

Walipochunguza zaidi waliona kwamba ghala halikuvunjika. Faili zilikuwa zimezidi mno, nyingine zikiwa zimewekwa tangu gari lilipokuwa safarini, baada ya kuondoka duniani mwezi Juni, 2003. Orodha yake ilikua hata ikaishinda kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kompyuta ikaanguka, ikaamka, ikaisoma orodha ile ile, ikaanguka tena. Wahandisi wakafuta faili zisizohitajiwa, na mwezi Februari wakalisafisha ghala lote na kulipanga upya. Gari lililotazamiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi likaendelea kuleta habari hadi tarehe 22 Machi, 2010.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, akiba isiyopangwa yaweza kumlemea mwenyewe. Nawe, msomaji, chombo kikikataa kazi, fuata njia ya wahandisi wale: kwanza zuia madhara yasizidi, pili tenga sehemu unayoishuku, uone kama ugonjwa utakoma, na dawa ije mwisho, baada ya kukijua chanzo.