Ngoma na Mazingira Asilia katika Sanaa ya Edward Saidi Tingatinga (1932–1972)

Tafiti nyingi humtaja Edward Saidi Tingatinga kuwa mchoraji wa wanyama. Insha hii inajenga hoja kwamba sifa hiyo, ingawa ni ya kweli, imefunika upande mwingine wa maisha yake, yaani ngoma, ambao unasaidia kueleza namna alivyowachora wanyama hao.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kwa baba Mngindo na mama Mmakua. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama vijana wengi wa kusini. Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani. Akiwa huko alishiriki katika kikundi cha muziki na ngoma cha Wamakonde. Kwa wahamiaji, ngoma ilikuwa burudani na pia njia ya kuendeleza undugu wa kwao wakiwa ugenini.

Alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vibao vya mraba vya kuezekea dari. Kuhusu chimbuko la mtindo wake, wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaolihusisha na picha za wachoraji wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam. Wengine wanalirejesha kwenye michoro ya kuta za nyumba za Wamakua. Pande zote mbili huuliza mkono wake ulijifunza wapi. Ni nadra kuuliza jicho lake lilizoea kutazama nini.

Katika picha zake, mara nyingi chui au ndege mmoja hutawala kibao kizima, nyuma yake kukiwa na rangi moja tu. Mpangilio huo unafanana na uwanja wa ngoma: mchezaji yupo katikati, na macho yote yanamwelekea. Mnyama anawasilishwa kwa mtazamaji kama mchezaji anavyojitokeza mbele ya hadhira.

Tingatinga aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na jina lake likawa jina la mtindo. Hivyo basi, kumrejesha katika uwanja wa ngoma ni kumrejeshea historia yake mtu ambaye jina lake limevuma kuliko maisha yake.