Tui na kasimile

Mpishi wa pwani akisema "tia nazi", anakusudia tui. Na tui lina daraja zake. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi, hukamuliwa kwanza kwa maji kidogo sana au bila maji kabisa. Tui hilo zito ndilo kasimile. Machicha yakitiwa maji na kukamuliwa tena kwenye kifumbu, hutoka tui jepesi.

Majina hayo mawili ndiyo yanayoongoza sufuria. Jioni ukirudi kazini, kaanga kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya na bizari, tia vipande vya kuku, mimina tui jepesi, uache viive humo humo. Kasimile huja mwisho, kwa moto mdogo, huku unakoroga polepole. Ukiuacha mchuzi utokote kwa nguvu, tui hukatika, mafuta yakaelea juu.

Tui la kopo limetupunguzia kazi, nami nalitumia. Lakini neno kasimile tusiliache lipotee. Ukilitamka jikoni mbele ya mtoto, umeshamfundisha kipi kitangulie na kipi kisubiri.